Viluwiluwi Kumi na Saba

Pipa halina kumbukumbu. Hayo ndiyo maneno ambayo Mzee Kikombe aliwaambia wateja wake miaka yote, na mkewe aliyasikia mpaka naye akawa anayasema, kama mtu anayeitikia dua asiyoijua maana. Pipa likishaoshwa limeoshwa. Lilichobeba jana si shauri lake. Wewe unayesoma haya, kama una pipa la buluu uani kwako na hukumbuki limetoka wapi, usichote kwanza. Soma mpaka mwisho.

Mapipa yalifika kwa mkokoteni kutoka kwenye maghala ya dawa za kuulia wadudu wa mashambani. Kazi ya kwanza ilikuwa kubandua karatasi yenye picha ya fuvu, maana wateja hawapendi kutazamwa na fuvu wakati wanachota maji. Kisha majivu, kisha sabuni, kisha jua la kutwa. Halafu Mzee alitumbukiza kichwa ndani ya pipa, akanusa. Likinuka, lilirudi kwenye majivu. Lisiponuka, lilikuwa safi, na hapo hakuna aliyebisha, kwa sababu pua yake ilisifika mtaa mzima. Mteja mwenye wasiwasi alitolewa wasiwasi kwa kikombe. Mzee alitia maji ndani ya pipa, akachota, akanywa yote mbele yake, kisha akakipindua kikombe kuonyesha kwamba hakikubaki hata tone. Jina lake lilitoka huko.

Mkewe walimwita Mama Maswali, kwa ajili ya binti yao wa darasa la sita ambaye tangu ulimi wake ufunguke hakuwahi kupumzika kuuliza. Kwa nini kivuli hakilowi? Kwa nini mkaa mweusi ukiungua unakuwa majivu meupe? "Mtoto huyu," baba yake alikuwa akisema, "ukimpeleka mazikoni atamuuliza maiti kama amelala vizuri."

Barua ya shule ilisema darasa la sita litakwenda kijitoni Ijumaa kujifunza mazingira kwa macho na mikono, badala ya kuyanakili ubaoni, na ikaomba mzazi mmoja wa kusaidia. Mama Maswali alivaa gauni lake la kuendea harusi za watu. Mumewe akatoa dumu la lita ishirini lililokuja na mapipa, lililooshwa juzi, akalijaza maji ya bomba mpaka shingoni.

"Waambie maji yametoka kwetu," alisema. "Mapipa mawili ya kunywea pale shuleni ni yetu, na sasa maji ya safari pia. Mwalimu mkuu akitafuta jina la kuandika ukutani, asihangaike."

"Ukuta gani huo utakaoandikwa Kikombe?"

"Hata wa choo. Jina ni jina."

Walicheka wote watatu. Mama Maswali aliukumbuka sana mcheko huo baadaye.

 

Mwalimu wa sayansi alikuwa dada mwembamba, sauti imekwaruzika kwa kupigia kelele watoto arobaini na wawili kila siku. Alimkabidhi Mama Maswali ubao mdogo wenye karatasi.

"Mama, wewe utatuandikia. Wakitaja mdudu, andika jina na idadi."

Tangu amalize darasa la saba Mama Maswali hakuwa ameshika kalamu, ukiacha kutia sahihi. Watoto walitaja majina haraka haraka. Alipofika kwenye kereng'ende akakwama, akafuta, akaandika, akafuta tena, karatasi ikatoboka. Nyuma yake kisichana kimoja kikanong'ona, "Anaandika kama anafuma sweta," na vicheko vikapita mstarini. Mwalimu aliuchukua ubao kwa upole, ule upole unaouma kuliko tusi.

"Basi, mama, utusaidie kulinda maji ya kunywa."

Akakaa kulinda maji.

Kituo cha kwanza kilikuwa juu, kabla nyumba hazijaanza. Watoto walivaa mabuti ya mpira ya kuazima, wakageuza mawe, wakakinga chekecheke upande maji yanakoelekea, wakakung'utia kilichonaswa kwenye sinia nyeupe. Sinia ilijaa uhai: konokono wadogo, kaa mmoja mwenye hasira, watoto wa kereng'ende wenye sura za vizee.

"Hawa ni mashahidi," mwalimu alisema. "Mtu anaweza kukudanganya kuhusu maji. Mdudu hawezi, kwa sababu analala humo humo."

Walipata pia viluwiluwi vya chura, wakavitia kwenye ndoo ya plastiki inayoonyesha ndani, ili wakavilee shuleni mpaka viote miguu. Mvulana waliyemwita Miwani alivihesabu mara tatu. Vilikuwa kumi na saba. Kisha watoto wakapanga foleni, na Mama Maswali akawamiminia nusu kikombe kila mmoja kutoka kwenye dumu. "Kunywa, baba. Kunywa, mama. Taratibu usipaliwe." Hapo angalau alikuwa na kazi anayoijua.

Kituo cha pili, chini ya kidaraja cha miguu, sinia ilikuwa na konokono wawili na funza wekundu. Kituo cha tatu, Mama Maswali aliona ukuta wa bati kwanza, akajiuliza nani mwenye ukuta mbaya namna hiyo, ndipo akatambua kwamba ni wake. Hakuwahi kuiona nyumba yake kwa nyuma. Mfereji wa uani kwao ulipenya chini ya bati, ukaacha mstari mweupe juu ya mawe mpaka majini, kama ute uliokaukia shavuni mwa mtoto.

Chekecheke ilipanda na majani yaliyooza na kizibo cha chupa. Wakarudia. Wakarudia tena.

"Andikeni sufuri," mwalimu alisema.

"Hata mbu hakuna, mwalimu?"

"Hata mbu."

Miwani akainua macho. "Si hapa kwa kina Maswali?"

Wote wakageuka. Yule ambaye siku nyingine angekuwa ameuliza mambo kumi alikuwa anatazama ncha za mabuti yake.

"Angalau hatuumwi malaria," Mama Maswali alisema, akacheka. Mwalimu alimsindikiza kucheka, kwa adabu tu.

Walipumzika kivulini kando ya barabara. Ndoo ya viluwiluwi ilikuwa imemwagika njiani, maji yamebaki vidole viwili na yamepata moto. Miwani aliileta kwa Mama Maswali.

"Mama, tuviongezee maji safi?"

Ndiye aliyekuwa mlinzi wa maji. Aliliinamisha dumu kwa mkono wake mwenyewe, akajaza ndoo.

Haikuchukua muda wa mtu kumaliza kipande cha mkate. Kwanza viluwiluwi vilikimbia huku na huku kama vinavyoitana. Halafu vikaanza kujinyonganyonga: mkia unanyooka, unakunjika, unanyooka tena, unatetemeka. Kimoja kikageuka tumbo juu, kikazama. Kikafuata kingine. Watoto walidhani vinacheza.

Mama Maswali aliujua mchezo huo. Miaka sita nyuma aliushika mapajani mwake, mtoto wake wa pili, miezi minane, ametoka kuoga sasa hivi. Mgongo ulikakamaa, ukalegea, ukakakamaa, povu mdomoni. Degedege, walisema majirani. Huenda ni degedege, alisema daktari. Mtoto alikuwa ameogeshwa ndani ya nusu pipa, jipya, ambalo baba yake alilikata kwa msumeno na kulipiga msasa ukingoni ili lisimkwaruze.

"Vina nini, mama?" Miwani aliuliza.

"Jua," alisema. "Ni jua tu."

Na watoto walikuwa wameshapanga foleni tena, vikombe mkononi. Alisimama, akalisukuma dumu kwa mguu. Maji yakatoka kwa mikupuo, yakanywewa na vumbi.

"Nimeteleza," alisema, mtu aliyekuwa amesimama wima.

Mwalimu akapandisha sauti kwa mara ya kwanza siku ile. "Mama, nilikuomba kitu kimoja tu."

"Kuandika hawezi, kulinda hawezi," kisichana kile kilisema, na safari hii hakikunong'ona. Mama Maswali aliwaacha wacheke. Wakati wa kurudi watoto wawili walitapika njiani, na shuleni wengine watano. Jua, mwalimu alisema. Jua, kila mtu alisema. Jua la siku ile lilibebeshwa mizigo isiyokuwa yake.

 

Jioni ile Maswali hakuuliza kitu. Alikula, akaosha sahani yake, akalala uso ukutani.

Mvua ndogo ilipita. Mama alikaa mlango wa nyuma akisikiliza. Mbali, kule juu kabla ya nyumba, vyura walikuwa wanalia. Nyuma ya bati lake palikuwa kimya. Alijaribu kukumbuka walinyamaza lini. Walipohamia pale, bibi na bwana harusi, vyura waliwanyima usingizi, na mumewe aliwatukana kila siku. Kisha mwaka mmoja wakaanza kulala vizuri, wakashukuru, wasiulize.

Jumamosi asubuhi akaja mshona nguo wa mtaa wa pili, mtoto mgongoni. Alitaka pipa la kukata katikati, nusu ya kulowekea vitambaa, nusu ya kumwogeshea mtoto.

"Halina neno, kaka?"

"Pipa halina kumbukumbu, dada yangu." Mzee Kikombe akatia maji, akachota, akanywa.

Mkewe alikuwa anaanika nguo, vibanio viwili mdomoni. Miaka yote alitazama mdomo wa mumewe ukinywa. Siku hiyo alitazama mkono. Kikombe kiligonga jino, tik, tik, tik. Jasho lilimtiririka na asubuhi ilikuwa ya baridi. Alikumbuka kwamba mwaka mzima sasa ni yeye anayemfunga vifungo vya shati, na kwamba walikubaliana kuuita huo uzee. Mumewe alikuwa na miaka arobaini na minne.

"Ni zuri hili, eti Mama Maswali?" mshonaji aliuliza.

Alitoa kibanio kimoja mdomoni. Hapo ndipo pa kusema. Mtoto mgongoni alikuwa anamtazama, anajinyonyea ngumi.

"Si umemwona anakunywa," alisema.

Akakirudisha kibanio. Pipa likaondoka.

 

Usiku hakupata usingizi, na Jumapili, kabla mumewe hajaamka, alipanda kijito na sufuria na chujio la chai. Mtu angemwona angedhani amerukwa na akili, mama mzima anageuza mawe. Alirudi na viluwiluwi kumi na vitano. Nyuma ya jiko alipanga bakuli tatu. Ya kwanza aliitia maji ya mvua. Ya pili, maji ya pipa lililooshwa juzi. Ya tatu, maji ya pipa la jikoni, ambalo familia ilinywa kwa miaka saba. Vitano, vitano, vitano.

Alipoinuka, Maswali alikuwa amesimama mlangoni na daftari lake.

"Visogeze kivulini," mtoto alisema. Ndilo neno lake la kwanza tangu Ijumaa. "Ukiviacha hapo, baba atasema ni jua."

Wakavisogeza kivulini. Maswali akachora mistari, akampa mama yake kalamu.

"Andika wewe."

"Mwandiko wangu unaujua."

"Andika, mama."

Akaandika saa, akaandika vitano mara tatu. Vya pipa jipya havikusubiri chai ichemke. Vya pipa la jikoni vilijikokota, vikaanza kutetemeka saa tatu, mpaka saa sita mchana vitatu vililala chini. Vya maji ya mvua vilikuwa vinatafuna jani.

Mzee Kikombe alitoka akijikuna kifua. "Mnapika nini huko?"

"Tunanusa," mkewe alisema. "Kwa pua nyingine."

Alimweleza yote: ndoo, dumu, watoto waliotapika. Mzee alizitazama bakuli moja moja.

"Vyura si watu."

"Mwanetu alikuwa mtu."

Mzee aliingia jikoni, akatungua kikombe msumarini, akachota kwenye pipa, akatoka nacho nje ili waone. Mkono ulitetemeka, maji yakamwagikia kifuani kabla hayajafika mdomoni. Akakishika kwa mikono miwili. Ndipo alipogundua kwamba mke na mtoto hawatazami mdomo wake, wanatazama mikono. Akakiweka kikombe chini polepole, kama kuna mtu amelala pale karibu.

"Nililipiga msasa," alisema. "Ule ukingo. Nilipiga msasa siku mbili."

"Najua."

"Na nililinusa, mke wangu. Halikuwa na harufu. Nilinusa mpaka nikapiga chafya."

"Najua, baba. Nilikuwepo."

Maswali alikuwa anachezea kalamu. "Na yale ya shule?" aliuliza. "Kesho ni Jumatatu."

Baba yake alikaa kwenye ngazi. "Ukienda kusema shuleni, tumekwisha. Nani ataleta tena pipa, nani atanunua? Watatufunga."

"Wakitufunga," mkewe alisema, "huko angalau tutakunywa maji ya bomba yasiyopita pipani."

Hakuna aliyecheka.

 

Jumatatu walifika kengele haijapigwa. Mapipa mawili yalisimama kwenye ukuta wa ofisi, kila moja na koki yake, kikombe kimefungwa kwa mnyororo, na watoto wa darasa la kwanza wamejipanga, wanasukumana. Mama Maswali alipita mbele ya foleni, akafungua koki zote mbili, kisha akayaegemea mapipa kwa bega, moja baada ya jingine, mpaka yakaanguka. Watoto walishangilia, wakadhani ni mchezo. Alikuwa amekuja na nyundo na msumari. Alikuwa anatoboa la pili wakati mwalimu mkuu alipomshika mkono.

Ofisini alipanga juu ya meza chupa tatu zenye viluwiluwi vya zile bakuli, na daftari kando yake. Mwalimu mkuu aliinua chupa moja kwa vidole viwili.

"Umeniharibia mali ya shule kwa ajili ya viluwiluwi?"

"Kwa ajili ya watoto, mwalimu."

"Mama, wewe umesoma mpaka wapi?"

"La saba."

"Basi sayansi tuachie sisi."

Mwalimu wa sayansi alikuwa ameingia, chaki mkononi. Alilichukua daftari. Alitazama mwandiko uliopanda na kushuka, na mahali karatasi ilipotobolewa na kufuta. Alisoma kwa muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwepo.

"Mwalimu mkuu," alisema, "Ijumaa walitapika saba. Na mimi nikaandika jua."

Kisha akamgeukia Mama Maswali. Sauti yake iliyokwaruzika ilishuka sana.

"Mama, dumu lile hukuteleza. Ulijua."

"Nilijua."

"Tangu Ijumaa."

"Tangu Ijumaa."

Binti yake alikuwa amesimama mlangoni, anasikia. Kuna methali ya kila kosa katika lugha yetu, lakini ile ya mama aliyejua siku tatu akanyamaza, yeye hakuipata. Siku tatu si nyingi. Lakini ndani yake Jumamosi ilikuwemo.

 

Hawakuwa na daftari la wateja. Alikuwa nao kichwani, akaanza kuwazungukia kwa miguu, Maswali nyuma yake na nyundo. Fundi wa baiskeli alitoboa lake palepale. Mama mmoja alifunga mlango. Mwingine alisema hao wanataka kuyachukua mapipa wakauze tena, tumewazoea. Mzee mmoja alisikiliza mpaka mwisho, akasema amenywea pipa lile miaka minne na hana ubaya wowote, na walipoaga alinyoosha mkono kuwapa, na mkono ulikuwa unatetemeka.

Kwa mshona nguo alifika mwisho. Hakuwa mbali kuliko wengine. Miguu ndiyo iliyokuwa inampitisha kwingine.

Nusu pipa lilikuwa mlangoni, ukingo wake umepigwa msasa vizuri, limeinamishwa lichuruzike maji ya sabuni. Mshonaji alikuwa anamfuta mtoto kwa taulo. Mtoto alikuwa mzima. Alimwona Maswali akacheka, halafu akapata kwikwi, na Mama Maswali akahesabu kila kwikwi.

Aliyasema yote, akiwa amesimama, hakukaribishwa kukaa. Mshonaji alimsikiliza huku mkono wake unamkumbatia mtoto kwa nguvu zaidi, na uso unakataa.

"Maneno gani haya ya kunitisha? Mumeo alikunywa mbele yangu. Kikombe kizima, akakipindua. Nilimwona kwa macho yangu haya."

"Ulimwona."

"Na wewe nilikuuliza, dada. Nilikuuliza wewe, mama mwenzangu."

"Uliniuliza."

"Alikunywa au hakunywa?"

Mama Maswali aliinama, akaligeuza lile nusu pipa kichwa chini juu ya mchanga, akaupokea msumari kutoka kwa binti yake.

"Alikunywa," alisema. "Amekunywa miaka kumi na miwili. Mbebe mtoto twende nyumbani, ukamwone anavyofunga vifungo vya shati."